Kikadi cha Ndeshi

Krismasi hii ukipewa zawadi iliyofungwa kwa karatasi, nakuomba usiichane. Anzia kwenye selotepu. Laza boksi mezani, tafuta ncha ya selotepu kwa ukucha, halafu ivute taratibu kuja upande wako. Usiivute kwenda juu, itang'oka na rangi. Ikigoma, weka kitambaa juu yake, pitisha pasi yenye uvuguvugu mara moja tu, kisha jaribu tena. Gundi ikipata joto inalegea kama mtu aliyekunywa chai asubuhi ya baridi.

Hilo ndilo ninalolijua vizuri kuliko mambo mengine yote. Nimefunga zawadi za watu maisha yangu yote ya kazi, katika duka moja la vifaa vya shule na zawadi pale Moshi mjini, karibu na soko. Sasa nimerudi nyumbani Marangu. Vidole vimekuwa vigumu, na macho yanahitaji miwani hata kuitafuta miwani yenyewe. Vijana wa kanisani kwetu waliniambia, "Babu, tuandikie kuhusu kazi yako." Nikawauliza, "Kazi gani, ya kufunga maboksi?" Wakasema hiyo hiyo. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Mkiona nimerudi nyuma au nimeruka mbele, nifuateni tu, nitafika.

Dukani niliingia kama mbeba mizigo. Mwenye duka alikuwa mama mmoja Mpare, tulimwita Mama Rehema, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko kilima cha pili. Desemba moja binti aliyekuwa akifunga zawadi alikwenda kujifungua, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Mama Rehema akaniangalia nikiwa na katoni begani.

"Wewe, unajua kukunja?"

"Najua kukunja shuka, mama."

"Inatosha. Tua hilo boksi, nawa mikono, njoo hapa."

Kunawa mikono ndilo somo langu la kwanza. Karatasi ya zawadi inakumbuka kila kidole kilichoishika. Somo la pili lilikuwa mkasi. Mimi nilikuwa nakata kwa kufungua na kufumba, kra, kra, kra, na ukingo wa karatasi unatoka na meno. Mama Rehema akapiga kelele duka zima likasikia: "Usiitafune! Mkasi sio mbuzi!" Akanionyesha kuufungua kidogo, kuutuliza, kisha kuusukuma mbele uteleze wenyewe. Karatasi ikagawanyika kama maji. Mpaka leo nikikata kitu nasikia sauti yake, na ninamshukuru, ingawa siku ile nilitamani kuingia chini ya meza.

Kulikuwa na jambo moja alilolirudia kila mwaka. Mimi nilipenda kubandika selotepu nyingi ili kitu kishike. Yeye alikuja na kuzibandua. "Huyu aliyenunua ni mteja wangu," alisema, "lakini na yule atakayefungua naye ni mteja wangu. Umemfikiria?" Sikuwa nimemfikiria. Nilidhani kazi yangu inaishia mlangoni mwa duka. Kuanzia hapo nikajifunza kupima karatasi vizuri, ile ya kuzunguka izidi kwa vidole vitatu tu, na ya ubavuni isizidi kimo cha boksi, ili mikunjo ijishike yenyewe na selotepu iwe kipande kimoja kidogo, chini, mahali ambapo mtu anakiona akitaka kufungua.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Mwaka wangu wa kwanza mezani mkasi ulipotea katikati ya foleni. Tulitafuta kwenye rafu, chini ya kaunta, kwenye mapipa ya taka. Mama Rehema akamshuku kila mtu, mpaka mlinzi. Ikabidi tukate karatasi kwa wembe siku nzima. Baada ya sikukuu akaingia mama mmoja muuza mahindi wa Himo, amebeba kifurushi kimefungwa kwa karatasi yetu, vibaya sana. Akakiweka mbele yangu.

"Nimekurudishia zawadi yako," akasema. "Mwanangu ana miaka minne. Mwanasesere amemfurahia. Mkasi tumeona asubiri kidogo."

Nilikuwa nimeufunga ndani pamoja na mwanasesere. Yule mama hakugomba, alicheka mpaka akakaa chini, na sisi tukacheka naye. Lakini tangu siku hiyo mkasi ule ulifungwa kamba kwenye mguu wa meza kama mbwa, na nilipostaafu niliuacha bado umefungwa.

Na kuna hadithi ya majani. Mwaka mmoja utepe uliisha mji mzima wiki ya Krismasi yenyewe. Tulikuwa na mwenzetu mpya dukani, Zuhura, kutoka Tanga, msichana mchangamfu mwenye mikono myepesi kuliko yangu. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Rau, na asubuhi moja akaja amekumbatia mzigo wa majani marefu ya kijani, mazuri, yanang'aa.

"Jamani, watu wa huku!" akasema. "Vitu vizuri namna hii mnaviacha uani vinaota tu?"

Mimi nilikuwa stoo natafuta maboksi. Niliporudi alikuwa ameshafunga zawadi nyingi, kila moja imezungushiwa jani na kupigwa fundo juu. Zilipendeza kweli. Lakini lilikuwa jani la sale, na Mchagga yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwa wasiojua, sale ni jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu kosa zito, unamletea jani hilo, na akishalipokea si rahisi akukatalie.

Mteja wa kwanza kuja kuchukua mzigo wake alikuwa bwana mmoja amevaa suti. Aliliangalia lile jani, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kakwambia nimegombana na mke wangu?"

"Hakuna aliyeniambia, baba," Zuhura akajibu kwa adabu. "Kwani mmegombana?"

"Hatujagombana! Sasa nikimpelekea hii ataniuliza nimefanya nini. Na mimi sijafanya kitu!"

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akasema, "Mpelekee tu, baba. Ukifika utakumbuka."

Tulifungua majani yale moja moja huku Zuhura amejifunika uso kwa mtandio, anacheka na kulia pamoja. Nikafika kwenye kifurushi cha mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na mwavuli wake. Nilipogusa fundo akaweka mkono juu ya mkono wangu.

"Hii yangu iache hivyo hivyo."

"Unajua ni sale, mzee?"

"Naona. Ni ya mdogo wangu."

Nikaacha. Sikuuliza zaidi, na hakurudi kutuambia ilikuwaje. Lakini nilijifunza kwamba mtu anaweza kuja kununua zawadi akiwa hajui namna ya kuipeleka, na kazi yako wewe uliye nyuma ya meza ni kutomharakisha.

Siku hizi mambo ni mengine. Kuna mifuko ya zawadi yenye vishikio, unatumbukiza kitu, unaondoka. Siilaumu. Mfuko mzuri unatumika mara nyingi kuliko karatasi, na haumwonei mtu asiyejua kukunja. Ninachosema ni kwamba karatasi nayo inaweza kuishi miaka mingi ukiipa nafasi, na aliyenifundisha hilo hakuwa wa dukani. Alikuwa mke wangu, Ndeshi.

Wiki nzima nilikuwa nakaa chumba cha kupanga mtaa wa Pasua, mjini, na Jumamosi napanda nyumbani. Ndeshi alikuwa hapa kihambani, shamba letu la nyumbani, na migomba, kahawa na ng'ombe wake. Desemba ile ya kwanza ya ndoa yetu Mama Rehema aliniruhusu kuchukua vipande vya karatasi vilivyobaki, nikavikunja nikavileta nyumbani nikidhani vitamfurahisha. Ndeshi akavitandaza kitandani, akaviangalia.

"Baba wewe, huko mjini vitu hivi mnavitupa?"

"Vingi tunavitupa."

"Na hivi ulivyoleta umevikunja mara nne. Ona mistari. Kwa nini hukuviviringisha?"

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa karatasi, naye hata duka lenyewe hakuwa amelifikia. Jumamosi iliyofuata nikaja nazo zimeviringishwa kwenye bomba la boksi, na hivyo ndivyo nilivyozileta miaka yote.

Tukagawana kazi bila kukaa kikao. Mimi nilifunga, yeye alifungua. Watoto walipokuja, kwanza Elia na baadaye Upendo, sheria ya Krismasi ilikuwa kwamba hakuna anayefungua zawadi isipokuwa ameketi karibu na mama yake, na karatasi inatoka nzima, inapewa mama, inalazwa chini ya godoro siku hiyo hiyo. Elia hakuwa na subira.

"Mama, naomba nichane moja tu. Moja tu."

"Chana, baba. Mwakani utafungiwa kwa jani la mgomba."

Akachana. Mwaka uliofuata zawadi yake ikaja imefungwa kwa jani la mgomba, limebabuliwa kwenye moto vizuri lisipasuke, na kamba ya ganda la mgomba juu. Tulidhani atanuna. Akaizungusha kijiji kizima akiringa, na Upendo akalia kwa nini yeye kapewa karatasi. Ndeshi alishindwa kabisa siku hiyo. Lakini ile kamba ya mgomba ikatupa akili. Tangu hapo zawadi za nyumbani kwetu hazikuguswa na selotepu tena. Unachukua ganda kavu la mgomba, unalichana nyuzi nyembamba, unalilowesha kidogo lilainike, unafunga msalaba na fundo la kuvuta. Karatasi haiumii.

Kutunza ndiko kulikotusumbua. Huku kwetu ukungu unaingia mpaka kabatini. Mwaka wa kwanza karatasi zilipata madoa meusi. Mwaka wa pili mimi nikajifanya mjanja, nikaziweka darini juu ya jiko la kuni, mahali tunapokaushia mahindi, nikijua moshi utafukuza unyevu na mende. Ulifukuza kweli. Krismasi ile Ndeshi akapeleka zawadi kwa mwenzake wa kwaya. Yule mama akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akasema mbele ya kwaya nzima, "Mama Elia, nifungue au nitie kwenye sufuria?"

Ndeshi alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani, nilimsikia kabla sijamwona. Akachukua sanduku lake la bati, lile alilokuja nalo akiolewa, akatoa nguo zake akazitundika ukutani, na karatasi zikahamia humo. Chini aliweka magazeti makavu. Katikati ya karatasi aliweka majani ya mkaratusi yaliyokaushwa, wadudu hawayapendi. Mara moja katikati ya mwaka, siku ya jua kali, alizitoa zote akazianika kivulini, kwa sababu jua lenyewe linakula rangi. Kisha pasi, isiyo moto sana, juu ya kitambaa, upande usio na picha. Fanyeni hivyo na zenu hazitaoza.

Kila mtoto alikuwa na karatasi yake, na sisi wazazi zetu, na kila mwaka ukingo ulichakaa kidogo tukaukata. Kwa hiyo watoto walikuwa wanakua na karatasi zinapungua. Elia alianza na karatasi ya kufunga gari la mbao, akamaliza sekondari na ya kufunga soksi. Alikuwa anasema, "Mama, nikifika chuo utanifungia kifungo." Ndeshi anamjibu, "Kifungo ni zawadi. Shati lako lina vingapi?"

Sasa nifike kwenye vikadi, maana ndivyo hasa nilivyotaka kuwaandikia.

Ndeshi alikata vikadi vya majina kutoka kwenye kadi za zamani za Krismasi, akatoboa tundu, akatia uzi. Aliandika jina la kila mtu mara moja tu, kwa kalamu ya bluu, na kikadi hicho kikatumika kila mwaka. Mwandiko wake ulikuwa umelala upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo. Sikukuu ikiisha, vikadi vilirudi kwenye bahasha ndani ya sanduku. Mtu mpya akiingia katika nyumba, aliandikiwa chake kabla hajafika. Neema, mke wa Elia, aliniambia kwamba alipokuja Krismasi ya kwanza kama mkwe alikuwa na hofu. Alipoona jina lake limeshaandikwa na limo kwenye bahasha moja na la mume wake, hofu ikaisha. "Nikajua hapa nimefika, Baba," alisema.

Vikadi vyote viliandikwa na Ndeshi isipokuwa kimoja. Cha kwake niliandika mimi, Desemba ile ya kwanza, wakati bado hajawa mama wa mtu. Kadi ilikuwa na nyota upande mmoja, na upande wa pili nikaandika Ndeshi. Niliandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama askari, kwa sababu nilikuwa naogopa kukosea.

Ndeshi alifariki mwaka jana, msimu wa baridi, watu wakiwa wanaanza kuchuma kahawa. Sitaandika mengi hapo. Aliugua muda mfupi na hakuteseka sana, na hilo nalishukuru. Tumemzika hapa kihambani. Watu walipokwisha kuondoka, nilifungua sanduku, nikatoa kikadi chake kwenye bahasha, nikakitia mfuko wa ndani wa koti. Sikumwambia mtu. Nikienda kanisani kilikuwemo. Nikienda Himo kununua pumba za ng'ombe kilikuwemo.

Wiki chache baadaye, kabla majani hayajaota vizuri juu ya kaburi, Neema alijifungua huko Dar es Salaam. Walikuwa na wavulana wawili, na huyu alikuwa msichana wao wa kwanza. Huku kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba. Elia akanipigia simu.

"Baba, tumempa la Mama."

"Sawa," nikasema. Nikakata simu nikaenda kukata majani ya ng'ombe, ingawa nilikuwa nimeshayakata.

Krismasi ikakaribia. Upendo alinishauri kwamba mwaka ule tupumzike na mambo ya zawadi, tukae tu pamoja. Elia alisema watakuja na mifuko ya zawadi kutoka Kariakoo ili nisihangaike. Wote walikuwa wananihurumia, na mimi ningekubali. Lakini walipofika, mchana wa mkesha, wakiwa wameketi barazani wanamenya ndizi, mmoja wa wale wavulana akaniuliza, "Babu, sanduku liko wapi?" Nikalileta.

Harufu ya mkaratusi ilitoka. Halafu Upendo akaanza kutoa karatasi, na kila mtu akaitambua yake, wakaanza kutaniana nani ya kwake imebaki ndogo zaidi. Akamimina vikadi kutoka kwenye bahasha. Cha Elia. Cha Upendo. Cha kwangu. Cha Neema. Vya wavulana. Neema alikuwa amempakata mtoto. Akavipitia kwa kidole, akavipitia tena.

"Baba, samahani," akasema. "Cha huyu hakipo."

"Atakuwa nacho wapi, na Mama hakumkuta?" Elia akasema kwa upole.

"Najua. Nimesema tu."

Upendo akachukua kadi tupu na kalamu ya bluu, akajaribu kulaza herufi kama mama yake. Elia akachungulia.

"Hiyo ni ya daktari. Mtoto atadhani ameandikiwa dawa."

"Andika wewe basi, mwenye chuo!"

Elia akajaribu, yake ikawa mbaya zaidi. Walicheka, kisha Upendo akaweka kalamu chini na kujifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa ndizi. Neema hakucheka. Alichukua ile kadi iliyoharibika akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi. Akasema, "Haina shida. Mtoto mwenyewe hajui kusoma. Tumwekee kwenye mfuko."

Nilijua ina shida. Nilikumbuka aliyoniambia kuhusu hofu yake ya Krismasi ya kwanza. Wote walikuwa wameona kwamba kikadi cha Ndeshi hakimo kwenye bahasha, na hakuna aliyethubutu kuniuliza kiko wapi.

"Nakwenda kumwangalia mbuzi," nikasema.

Mbuzi wa sikukuu alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba na hakuhitaji kuangaliwa. Nikapita, nikaenda mpaka kaburini. Nilitoa kikadi nikakishika. Kilikuwa kimeshaanza kuchakaa kwa jasho la mfukoni mwangu, uzi umelegea. Nikajiuliza, Ndeshi angekutana na kitu kilichofichwa mahali kinachakaa bure, angesema nini? Sikuhitaji kufikiri sana. Angesema, "Baba Elia, huko mnavitupa?" Maana kukiweka pale kisitumike, kwake yeye, kulikuwa sawa na kukitupa.

Nikarudi, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikamwambia Neema anipe zawadi ya mtoto. Ilikuwa kikombe kidogo cha bati, cha maua. Kikombe ni kitu kigumu kufunga, kina mkono unaotoka pembeni na mdomo uliopanuka, na mtu asiyejua anakifanya kionekane kama kuku amefungwa kwa gazeti. Usikilazimishe kiwe boksi. Unakiweka katikati ya karatasi, unainua pembe nne, unakusanya juu mikunjo midogo midogo ukizunguka, mkono wa kikombe ukiupa mkunjo wake wenyewe, halafu unakaza shingo kwa kamba ya mgomba. Vidole vyangu ambavyo havifungi tena vifungo vya shati vilifanya kazi ile bila kuniuliza. Karatasi niliyotumia ilikuwa ya Ndeshi, ya kijani yenye kengele.

Kisha nikatia mkono ndani ya koti.

Nikatoa kikadi. Upendo ndiye aliyesema.

"Baba, hicho si cha Mama?"

"Ndicho."

"Cha marehemu tumpe mtoto?"

"Jina mmempa," nikamwambia. "Kadi mnaiogopa?"

Nilisema kwa ukali kidogo, kwa sababu aliyekuwa akiogopa ni mimi. Nikafunga uzi kwenye shingo ya kile kifurushi na kukiweka pamoja na vingine. Neema akamgeuza mtoto ili amwone, ingawa mtoto alikuwa anaangalia kuku.

Kesho yake, tulipotoka kanisani na kumaliza supu ya mtori, tukafungua. Wavulana waliketi karibu nami, mahali ambapo bibi yao angeketi, na karatasi zao zilitoka nzima, wakanipa. Ikafika zamu ya mtoto. Neema alivuta fundo kama inavyotakiwa, karatasi ikajifungua yenyewe kama ua, na kabla hajashika kikombe, mtoto alikuwa ameshakamata kikadi na kukitia mdomoni.

Nyumba nzima ikapiga kelele. "Mnyang'anye! Kadi ya Bibi! Upendo, mkono wake!" Elia akasimama, kiti kikaanguka. Mtoto akashangaa kelele zile, akang'ata zaidi kwa fizi zake.

"Mwacheni," nikasema. "Ni cha kwake."

Alipochoka nacho alikiachia mwenyewe. Nilikianika juu ya kichanja cha kahawa, kivulini, nikakaa karibu ili kuku wasikichukue.

Nawashukuru wengi. Mama Rehema aliyenionyesha kuushika mkasi na kumfikiria atakayefungua. Zuhura aliyenichekesha. Yule mama wa Himo aliyerudisha mkasi badala ya kwenda kulalamika. Namshukuru Mungu kwa mwanamke aliyetoa nguo zake sandukuni ili karatasi zipate pa kulala. Krismasi ikikaribia tena nitalitoa sanduku, nizipigie karatasi pasi kabla watoto hawajapanda kutoka Dar, na bahasha itakuwa na vikadi vyote, hakuna kilichoko mfukoni. Cha Ndeshi kina kona moja iliyokunjamana na mahali ambapo wino umesambaa kidogo kwa mate. Vitu vingine vyote nawaambia mvinyooshe kwa pasi. Hicho sitakigusa.